Milka Ahamia Kaloleni

Ukishuka Katito, penye njia panda ya kwenda Kendu Bay, sauti ya kwanza utakayoisikia ni ya Milka Ondiek, na usidhani anagombana na mtu. Anauza samaki. Anakaanga mbuta na ngege mbele ya macho yako, anakuambia ni yupi atakufaa, na ukijifanya mjuaji anakufungia yule aliyekuchagulia yeye. Mimi Jacinta nauza nyanya karibu naye miaka mingi, na sijawahi kumshinda kwa maneno. Nilishaacha kujaribu.

Novemba iliyopita binti yake mkubwa, Winny, alijifungua mtoto wa kike, Akeyo, kwa upasuaji. Winny ameolewa na Byron, wanakaa Kaloleni, Kisumu mjini. Hakuruhusiwa kuinua hata ndoo ya maji. Kwetu, mzazi kama huyo huletewa japidi, msichana wa kulea mtoto, kutoka nyumbani kwao. Nyanya wa mtoto haendi mwenyewe, kwa sababu mama mkwe halali kwenye nyumba ya mkwewe, na Milka, pamoja na kelele zake zote, kwa jambo hilo ni mtu wa mila kwelikweli. Basi ilikuwa wazi kwamba ataenda Sheryl, kitinda mimba wake wa miaka kumi na mitano, aliyekuwa amefunga shule ya bweni.

Sheryl alirudi na kikohozi. Milka alikipuuza. Vumbi la bweni tu, alisema, akampa asali na ndimu. Nilipomuuliza kwa mara ya pili alinijia juu.

"Hii mtoto ilimaliza sindano zote! Nilimbeba mimi mwenyewe mpaka kliniki. Ugonjwa itampitia wapi?"

Sikumlaumu. Kila mama wa hapa anaamini hivyo: sindano za utotoni zikiisha, kazi imekwisha.

Siku ya safari Sheryl alikuja sokoni na begi lake kutuaga. Kikohozi kikamshika kando ya karai la mafuta. Alikohoa mfululizo bila nafasi ya kuvuta pumzi, uso ukamwiva, kisha hewa ikaingia kifuani kwa mlio mrefu uliowageuza wateja wote, halafu akatapika. Mmoja wa wateja hao alikuwa Terry, muuguzi wa zahanati yetu. Aliweka samaki wake chini.

"Mama Winny, huyu anaenda wapi na begi?"

"Kaloleni. Anaenda kunishikia mjukuu."

"Haendi."

Hakuna anayemwambia Milka hivyo.

"Hiyo inakaa kifaduro," Terry akasema. "Sheryl atateseka wiki nyingi lakini atapona. Kwa mtoto mchanga ni kitu ingine. Mchanga anaweza hata kosa kukohoa, anaacha tu kupumua. Na wenu hajafika wiki sita, hata sindano ya kwanza bado."

"Lakini Sheryl alimaliza sindano!"

"Alimaliza, na zilimlinda akiwa mdogo. Hiyo kinga inapungua polepole, mama. Akifika umri hii, mwili inataka kukumbushwa. Kuna nchi wanadunga hawa wa sekondari sindano ya kuongeza nguvu. Hapa kwetu zile za bure hazijafika huko, mpaka uulizie kliniki ya kulipia."

Milka aliliangalia lile begi. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ndogo, na hapo ndipo nilipoogopa mimi pia. "Nilikuwa nampandisha gari sasa hivi," alisema.

Kule zahanati Sheryl alipimwa, akaanzishiwa dawa, na baadaye majibu yakathibitisha kwamba ni kifaduro. Milka naye alipewa dawa, kwa kuwa wanalala nyumba moja. Sheryl alilia sana. Alikuwa ameshawatangazia marafiki zake wote kwamba ana mtoto wa kulea.

Kwa kina Byron wakapiga simu: wao pia wana msichana, wa shule vilevile, wamlete? Milka akawashukuru vizuri, akakataa, maana kinga ya huyo nayo ingekuwa imepungua. "Nitaenda mwenyewe," akatuambia sokoni, na soko zima likaangua kicheko.

"Na utalala wapi, mama mkwe?" nikamchokoza.

"Wewe uza nyanya."

Alipomaliza dawa zake, alifunika karai, akaniachia Sheryl, akaenda. Mlango wa Winny unatazamana na wa Nelima, mjane kutoka Bungoma aliyekuwa akimsaidia Winny siku hizo zote. Milka akapanga kwake. Alilala kwa Nelima, akala kwa Nelima, na kila asubuhi Akeyo aliletwa kwake aogeshwe, apakwe mafuta, abembelezwe hadi jioni. Mguu wake haukukanyaga kizingiti cha Byron. Byron maskini, kila akifungua mlango alimkuta mama mkwe amekaa mbele yake, basi akajifunza kupitia nyuma, kwenye kamba za nguo, akisalimia huku anaangalia chini.

Wageni wote walikomea kwa Milka. "Umekohoa wiki hii?" lilikuwa swali la kwanza, kabla ya salamu. Katekista aliyekuja na mafua aliombea mtoto akiwa nje ya uzio, na Milka akaitikia amina kwa nguvu. Nelima naye hakuachwa: walienda pamoja kwenye kliniki ya kulipia, wakadungwa ile sindano ya kukumbusha.

Wiki sita zikatimia. Akeyo alipodungwa alilia kliniki nzima ikasikia, na Milka akacheka kwa furaha hadi akina mama wengine wakamshangaa. Bado ya pili na ya tatu, lakini alikuwa ameanza. Jioni hiyo alinipigia simu nimlete Sheryl, kwa sababu Terry alikuwa amesema hawezi tena kuambukiza mtu.

Nilimpeleka. Winny alitoka na mtoto, akamnyooshea mdogo wake. Sheryl akarudi nyuma, mikono ameficha mgongoni.

"Mama, na nikikohoa?"

"Dawa ulimaliza. Hauna kitu ya kumpa sasa."

"Hata sindano ulisema nilimaliza."

Nilitazamia kelele. Milka akamwangalia binti yake, machozi yakamlengalenga.

"Ni kweli," akasema. "Ile nilisema bila kuuliza. Hii nimeuliza."

Sheryl akatoa mikono mgongoni, akampokea mtoto.