Supu ya Tita na Ulimi wa Shangazi

Mwaka jana nilikwenda Flemingdon Park, mtaa wetu wa utotoni huku ughaibuni, kumpelekea rafiki kitanda cha mtoto. Lifti ilipofunguka ghorofa ya tisa, kuna mtu alikuwa anakaanga vitunguu saumu. Nilisimama pale hadi mlango ukanibana bega. Harufu kama hiyo, ndugu yangu, wengine huwatoa machozi. Mimi ilinipandisha hasira niliyoilea tangu nina miaka minane, na nimeilea vizuri.

Tuliishi ghorofa ile. Mama alifua mashuka hotelini, baba aliendesha malori ya masafa marefu, kwa hiyo shule ikiisha nilikwenda kwa jirani Mfilipino aliyelea watoto wa ghorofa nzima. Tulimwita Tita, jina ambalo kwa lugha yao ni shangazi.

Siku za baridi tulivua mabuti mlangoni vidole vimekufa ganzi, na ndani madirisha yake yanatoka jasho kwa mvuke. Sufuria ya mifupa ilikuwa jikoni tangu asubuhi. Kwao Iloilo supu hiyo huitwa bachoi. Alipanga tambi kwenye bakuli, akaweka maini na nyama ya nguruwe, akamimina mchuzi unaochemka, kisha akanyunyiza vitunguu saumu vya kukaanga na ngozi ya nguruwe iliyokaushwa kwa mafuta hadi inalia mdomoni. Juu kabisa alipasua yai bichi, nasi tukalikoroga mbio kabla halijaganda. Kazi yangu ilikuwa kuviringisha madonge ya pandesali, vile vimkate vyao vidogo, katika chenga za mkate kabla havijaingia ovenini. Ijumaa alioka vingine vyenye nazi tamu ndani, na mimi nilivila nikidhani nazi ni mali yetu Watanzania peke yetu. "Bakuli likibaki na mchuzi, mpishi halali," alipenda kusema, nasi tulifuta mabakuli kwa mkate.

Tukishiba, tulilala. Fofofo, palepale kwenye zulia, hadi mama zetu waje kutubeba.

Kisha dada yake baba akaja kutoka Morogoro kukaa nasi. Jioni moja nilijikwaa ukumbini mbele yake, nikalia, "Tita!" Akaninyanyua kwa mkono mmoja. "Shangazi yako ni mimi," akasema. "Huyo mwingine ni nani?"

Jumapili iliyofuata, kwenye chai baada ya ibada, nilimsikia akiwaambia akina mama, "Mtoto mzima halali vile jioni. Yule mwanamke anawatilia dawa kwenye supu."

Walikuwa wanawake waliochoka, wageni wa nchi, wanaogopa kila kitu. Mmoja akamtoa mwanawe, akafuata mwingine. Mama naye akanitoa. "Si kwamba naamini," aliniambia akinifunga skafu. "Lakini je, ikiwa kweli?"

Haukupita muda, watoto wote tukawa sebuleni kwetu, chini ya shangazi, tukinywa chai na mkate wa dukani wenye ubaridi wa friji, televisheni ikipiga kelele. Kwa siku chache harufu ya pandesali bado ilipita chini ya mlango wa Tita. Kisha ikakatika. Alikuwa anahamia Winnipeg, mji wa mbali, kwa dada yake. Tulikutana naye kwenye lifti na masanduku yake. Akainama akaniuliza alivyoniuliza kila siku: "Umekula?"

"Ameshiba," shangazi alijibu, akanivuta mkono. Sikuwa nimekula.

Nilikua na jambo hilo. Nilipoanza kujipikia chuoni, nilichemsha mifupa, nikaharibu, nikachemsha tena, hadi siku moja ulimi wangu ukasema ndiyo hii. Shangazi alipohamia Brampton, mji wa jirani, na kuandaa sherehe ya kuzaliwa kwake, akawaalika akina mama walewale wa kanisani, nilijitolea kupika.

Alikula mabakuli mawili. Alimalizia mchuzi kwa pandesali, akanisifu mbele ya watu, akaegemea kochi. Hata wimbo mmoja haukuisha, kichwa kikaanguka begani, mdomo wazi, anakoroma. Niliwaacha wote wamtazame vya kutosha. Ndipo nikamgusa goti.

"Shangazi, amka. Ni supu ya Tita. Dawa nimesahau kutia."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alishusha kijiko polepole. Mama yangu alitazama bakuli lake, halafu akanisogezea. "Niongeze," akasema.

Shangazi alinifuata jikoni. Nilimngoja alie, au anitukane, vyote nilikuwa tayari navyo. Akasimama kwenye sinki akasema, "Niliitambua tangu kijiko cha kwanza. Wiki ile nilipofika alikuwa ananikaribisha mchana, nyie mkiwa shule. Nililala kwenye kochi lake kama mtoto."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

Nilidhani siku hiyo ningeshiba. Lakini maneno yale yalikuwa na mwenyewe, Tita, na mwenyewe sijui yuko wapi. Niliuliza watu wa Winnipeg, hakuna anayemfahamu. Jengo lipo, watoto wale wametawanyika, wengine hata Kiswahili wanakijibu kwa Kiingereza. Mlango wake una kufuli jipya.

Kila Krismasi shangazi hunipigia simu, sauti imekuwa ndogo siku hizi, akiomba nimpikie supu ile hata bakuli moja.

Namwambia buchani mifupa imeadimika.