Mke wangu ni mwanajeshi, na bima yake imemrudishia mama yangu macho

Wakuu, salaam.

Leo naandika huku nacheka peke yangu, kwa hiyo mkikuta herufi zimeruka, zisameheni. Haya ninayosimulia yametokea ndani ya nyumba yangu, hapa hapa Songea. Mwenye kubisha abishe, ila mama yangu anaona.

Mimi ni fundi madirisha ya aluminium, naishi Mshangano. Mke wangu, Zuhura, ni askari jeshini. Mtaani jina langu halijulikani kabisa. Mimi ni "Mume wa Afande". Hata wateja wakipotea njia wanaulizia hivyo, nimeshazoea.

Sasa, hii bima ya afya ya mke wangu nilikuwa naijua kijuujuu. Watoto wakipata homa tunaenda, wanapimwa, tunapewa dawa, tunarudi. Basi. Nilijua ni ya askari, mwenzi wake na watoto. Sijawahi kuuliza zaidi, na kijiweni kwetu kila mtu ni mtaalamu wa bima ambayo hana.

Mama yangu yuko Namasakata kule Tunduru, mkulima wa siku zote. Macho yake yalianza ukungu taratibu. Mwanzoni tulicheka naye. Alikuwa akitia chumvi kwenye chai. Siku moja mbuzi alilia mlangoni, mama akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu ndani."

Baadaye kicheko kikakatika. Akaacha kwenda shamba. Wajukuu akawa anawajua kwa sauti tu. Majirani wakasema uzee, wengine wakasema kuna mkono wa mtu. Mwenyewe akasema, "Mungu amefunga pazia, mimi ni nani wa kulifungua?"

Wakuu, kauli ile iliniingia. Nikajua macho ya mama ndiyo basi tena.

Mke wangu alikuwa mbali kikazi. Aliporudi nikamweleza jinsi hali ya mama ilivyozidi. Akaacha kula, akaniuliza:

"Sasa kwa nini hujamleta?"

"Nimlete wapi?"

"Hospitali. Mama ana bima."

Nikacheka. "Ameipata wapi? Amejiunga na jeshi akiwa Namasakata?"

Hakucheka. Akanieleza kwamba kwa bima yao mwanachama anaweza kuandikisha wategemezi, na wazazi wamo. Wazazi wake na hata wakwe, mradi nafasi za wategemezi zisiishe. Watoto wetu walikuwa wamezichukua, ikabaki moja. Hiyo moja alikuwa ameshampa mama yangu kabla hajasafiri, akidhani aliniambia.

Nikamuuliza, "Na mama yako je?"

Mama yake yuko Singida. Akasema, "Nilimpigia kwanza. Akaniambia, 'Mwanangu, mimi bado natunga uzi kwenye sindano. Muweke mwenzangu asiyeona.'"

Hapo nilitoka nje kidogo, nikajifanya naangalia kuku.

Kumshawishi mama nayo ilikuwa shughuli. Kwenye simu alikataa katakata: "Jicho langu lisikatwe na wanajeshi!" Nikamwambia anayepasua ni daktari, wanajeshi hawamo kabisa. Akauliza kama daktari atakuwa na bunduki. Nikaapa kwamba hana. Ndiyo akakubali kupanda basi na dada yangu.

Hospitali walimpima wakasema ni mtoto wa jicho, anatoka. Kufika dirisha la bima, dada wa pale akaingiza namba, akaingiza tena, akatikisa kichwa.

"Mfumo haumsomi huyu mama."

Wakuu, mnajua baridi ya Songea? Mimi nilitoka jasho.

Mama akasikia, akaanza kusema kwa Kiyao kwamba alijua, kwamba pazia ni pazia, turudi nyumbani. Akasimama kabisa, akashika mkono wa mtu aliyekaa pembeni yake akidhani ni mimi, akaanza kuondoka naye. Yule baba wa watu naye, kwa heshima, akawa anafuata tu!

Nikampigia Zuhura kambini. Akaomba aongee na yule dada. Sijui waliambizana nini, ila Zuhura hakufoka. Nilisikia yule dada akijibu, "Sawa dada, ngoja nijaribu kwa jina la baba kwanza." Kumbe majina yalikuwa yamepinduliwa. Akabonyeza, akatabasamu.

"Amesoma. Mama, karibu."

Nilipiga kigelegele. Ndiyo, mimi, mwanaume mwenye ndevu. Foleni nzima ikageuka.

Wakampasua jicho la kulia kwanza. Kesho yake asubuhi nesi akaja kutoa bandeji. Zuhura alikuwa amepita kutoka kazini, na sare zake, amesimama mlangoni kama yuko lindo.

Mama akapepesa. Akanitazama mimi.

"Hiki kipara umekitoa wapi?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Dada yangu akawa analia na kucheka kwa pamoja.

Kisha mama akamwona Zuhura. Tangu tuoane alikuwa hajawahi kumwona sawasawa, siku ya harusi ukungu ulikuwa umeshaanza. Akamwita kwa mkono. Zuhura akaja, akapiga magoti. "Shikamoo mama."

Mama hakuitikia. Alimshika mashavu, akamgeuza huku, akamgeuza kule.

"Ndiye huyu askari mwenyewe? Mbona mtoto mdogo hivi? Mnampaje bunduki mtoto kama huyu?"

Afande wangu, ambaye sijawahi kuona chozi lake, alilaza kichwa kwenye mapaja ya mama, akalia mpaka kofia ikaanguka. Mama akampapasa nywele, akasema, "Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi."

Nimejifunza nini? Nimeishi na haki ndani ya nyumba bila kuijua, huku mama anapapasa kuta. Kama mwenzi wako au mtoto wako yuko jeshini, kaeni chini muulizane: bima inamhusu nani, nani hajaandikishwa, majina yamekaa sawa? Taratibu hubadilika, kwa hiyo msinikariri mimi, kaulizeni kwenye ofisi zenu. Ila ulizeni mtu akiwa bado mzima.

Jicho la pili linasubiri tarehe. Kwa sasa mama yuko barazani, ameshaniambia dirisha nililolifunga mwenyewe hapa nyumbani limepinda. Nimelipima. Ni kweli, limepinda.

Wenye waume, wake au watoto jeshini, shusheni uzoefu wenu hapa. Kuna kingine tunachostahili ambacho hatukijui? Maswali pia ruksa, Afande akitoka kazini nitamkalisha ajibu.