Wageni wa Busawe na Ulezi Uliokwisha Kuvunwa

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya ghala. Wenzangu wa kikundi chetu cha wakulima wa kahawa wanalijua vizuri, maana tumeligombania tangu mvua za vuli: ghala la zamani la kahawa, juu ya kilima kwetu Tarime, lenye kuta nene na paa lililoanza kuvuja. Nusu yetu walitaka tulipangishe kwa mfanyabiashara wa saruji. Sisi wengine, na mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote, tulitaka liwe mahali pa kuwapokea watalii, walale, wanywe kahawa yetu wakiitazama ikiwa bado mtini.

Aliyekata mzizi wa ugomvi ni Mama Nyangi. Mama huyu alipika miaka mingi katika hoteli za watalii kule Ikoma, karibu na lango la hifadhi, na sasa ni mwenyekiti wa umoja wa wakulima wanaotaka watalii wafike hadi mashambani. Alitukalisha akasema, "Machaba, kiongozi wa waongoza watalii wa Ikoma, amekubali kuleta wageni kwenye shamba moja, Busawe. Moja tu. Likimpendeza, anayaingiza mashamba yetu kwenye njia ya magari yake, na Tarime mnafuata. Lisipompendeza, hatanisikiliza tena. Bhoke, twende ukashuhudie."

Asubuhi na mapema tuliondoka Tarime mjini na pikapu yake, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba. Mama Nyangi huendesha mwenyewe, na anaendesha kama mtu anayedaiwa mahali. Vijana wa bodaboda walimpisha. Mimi nilikaa kiti cha mbele nimejinyoosha, nimevaa kitenge changu kizuri, nikijiona balozi.

Baada ya Nyamongo, na vilima vyake vya mawe ya mgodi, barabara iliteremka mpaka kwenye daraja la Mto Mara. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, mengi. Mama Nyangi akapunguza mwendo.

"Watu wanatoka Ulaya kuja kuangalia nyumbu wakiuvuka mto huu," alisema. "Sisi tunauvuka maisha yetu yote, hakuna hata mmoja aliyetupiga picha."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alinieleza kwamba alipokuwa mpishi alikatakata nyanya zilizosafiri siku nzima kutoka Arusha, wakati za shangazi yake zilikuwa zinaoza safari ya saa chache tu kutoka jikoni kwake. Wageni walipomuuliza zimelimwa wapi, alikuwa anajibu Arusha. Jibu hilo, alisema, ndilo lililomtoa jikoni.

Mchana tulifika Busawe, nyumbani kwa Mzee Mwita na mkewe, Mama Weisiko. Mzee ni mtu mrefu, mkimya, anayekutazama kwanza kabla ya kukujibu. Tulimpigia shikamoo, akaitikia marahaba na kutukaribisha hadi kwenye turubai lililofungwa katikati ya ua. Nikwambie ukweli, nilijisikia fahari. Ua ulikuwa umefagiwa mpaka unaona haya kuukanyaga. Viti vya plastiki vimeazimwa kanisani, vimepangwa mstari. Ng'ombe walikuwa wamepelekwa mbali ili mgeni asikanyage samadi. Na shamba la ulezi, lile lililokuwa linamleta Machaba, lilikuwa limevunwa lote.

"Lote?" niliuliza.

"Lote. Tuliita risaga jana," alisema Mama Weisiko, akifuta mikono kwenye khanga. "Majirani walikuja, tukakata, tukabeba, hakuna kilichobaki nje."

Kwa msiozoea, risaga ni kazi ya zamu. Leo majirani wote wanavuna kwako na wewe unawapikia, kesho mnahamia kwa mwingine, na aliyekula kwako ana deni la mikono yake. Nilimpongeza sana. Hata wewe ungempongeza. Kwetu, mgeni akukute umemaliza kazi, umeoga, umekaa. Kumpokea ukiwa na vumbi na kazi nusu ni kumwambia hukumtarajia. Mama Nyangi naye alikagua kila kona akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Tulilala usingizi mzito.

Asubuhi iliyofuata gari la Machaba liliingia likitokea Ikoma. Alishuka mwenyewe, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, na nyuma yake wageni wanne, wazungu, mmoja wao mzee mrefu mwenye kofia ya majani. Walisalimia, wakakaribishwa kwenye viti, wakapewa soda na biskuti. Mzee Mwita alikaa mbele yao na suti yake ya harusi za watoto. Wakatazamana.

Wakaendelea kutazamana. Mzungu mmoja alimaliza soda, akatazama chini ya kiti, akatazama turubai. Mzee wa kofia alinyoosha shingo kuelekea shambani, ambako palikuwa na mabua tu. Machaba akainuka, akamvuta Mama Nyangi pembeni, karibu kabisa na nilipokuwa nimesimama.

"Mama, hawa watu wamekaa kwenye viti tangu Arusha," alisema kwa sauti ya chini. "Uliniahidi shamba. Naona harusi isiyo na bibi harusi."

"Shamba si lile pale?"

"Mabua yale? Mabua wameyaona njia nzima. Nitawaambia wanywe wamalize, twende zetu getini, hifadhini."

Mama Nyangi alimgeukia Mama Weisiko, na Mama Weisiko, ambaye alikuwa amesikia yote, alijibu kwa uchungu. "Si mlisema wageni wanakuja? Tungewapokea na kazi imetuzagaa, watuone sisi ni watu gani?"

Mama Nyangi, mwanamke asiyeishiwa maneno, alikaa kwenye kiti kimojawapo cha kanisa na kutazama mikono yake. Mimi niliona mifuko ya saruji ikipangwa ndani ya ghala letu, mmoja baada ya mwingine, na moyo ukaniuma kweli.

Ni Mama Weisiko aliyeinuka kwanza. Ng'ambo ya uzio wa minyaa lilisimama shamba la jirani yake, Mama Ghati, ulezi umeiva, vichwa vimejikunja, unangoja zamu ya kesho. Aliita kwa sauti juu ya uzio. Wakazungumza Kikurya harakaharaka, kisha Mama Ghati akacheka.

"Uji wangu wa wavunaji umeshachacha," alijibu kwa Kiswahili ili na sisi tusikie. "Kama waliokula kwako juzi wako tayari, waje leo. Kwani ulezi una kalenda?"

Haikupita muda wanawake walianza kuja, na wanaume wachache, kila mmoja na kisu kidogo na kikapu. Wimbo ukaanza kabla ya kazi. Wageni wakaacha viti, wakasimama kwenye ukingo wa shamba na kamera zao, macho yamewafunguka. Machaba akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha akasema lile ambalo karibu litumalize.

"Mzee, wageni wanauliza kama wanaweza kukata na wao."

"Hapana," alisema Mzee Mwita.

"Wanataka wenyewe, mzee."

"Mura, kijana wangu, nimesema hapana. Mgeni aje kwangu nimpe kisu avune? Nitapita wapi hapa Busawe? Watasema Mwita amekosa watu."

Machaba akaanza kumweleza habari za watalii na wanachopenda. Kadiri alivyoeleza, ndivyo mzee alivyozidi kukaza uso. Nikaona maneno hayo hayatafika. Mimi ni binti wa Kikurya, nikajua mlango uko wapi.

"Baba," nilisema, "mimi hapa ni mgeni wa nani?"

"Wangu."

"Nimelala kwako, nimekula kwako. Sasa mama zangu wanakata ulezi na mimi nimekaa kwenye kiti. Nikirudi Tarime, watu watasema baba yangu alinilea?"

Alinitazama, kama kawaida yake, kabla ya kujibu. "Wewe sikukutuma. Ukiinuka mwenyewe, ni mtoto wa nyumbani."

"Na wao wakiinuka wenyewe?"

Aliwatazama wageni pale ukingoni. Kisha pembe za mdomo zikamcheza. "Siwezi kumnyang'anya mtu kisu," alisema.

Nilivua viatu, nikakunja kitenge changu cha ubalozi, nikaingia shambani. Mzee wa kofia alinifuata mara Machaba alipomtafsiria, na wenzake nyuma yake. Alikata vibaya, vichwa vikitoka na mabua marefu. Mama Ghati akaushika mkono wake bila kuuliza, akamwonyesha jinsi kichwa kinavyoshikwa na kidole gumba kikisindikiza kisu. Alipopata kichwa cha kwanza kizuri, shamba zima lilimpigia vigelegele, wakampa jina la Kikurya, Marwa. Nilipoinua macho tena, Machaba mwenyewe alikuwa anabeba kikapu begani, shati lake la pasi limelowa jasho.

Tulikula tumekaa kwenye majani kando ya shamba: ugali wa ulezi na muhogo, mboga za kienyeji, maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu. Viti vya kanisa vilibaki chini ya turubai peke yao. Mama Ghati akamwambia Marwa, kwa kupitia Machaba, kwamba kwa kuwa leo wamekata pamoja, zamu yake ya kuvuna ikifika, sisi tutakwenda kwake. Watu walicheka. Mzee wa kofia hakucheka. Alisema ana shamba la shayiri kwao, na kwa miaka mingi anavuna peke yake na mashine. "Njooni," alisema.

Naandika haya nikiwa najivuna, sifichi. Hatukuwaonyesha kitu ambacho hatunacho.

Jioni, kabla ya kupanda gari, Machaba alimpa Mama Nyangi mkono. "Magari yangu yatapita hapa, na Tarime nitakuja. Ila, mama, mkisikia tunakuja, msimalize kazi."

"Hilo litanichukua muda kulizoea," alisema Mzee Mwita, na tukaachana tukicheka.

Siku iliyofuata tulirudi. Mama Nyangi aliimba wimbo wa risaga kuanzia darajani mpaka Nyamongo, nje kabisa ya sauti, na mimi nikampokea. Nilichojifunza ni kidogo ila kimenikaa: kile tulichokuwa tunakificha kwa heshima ya mgeni ndicho alichokuja kukitafuta.

Jua likiwa bado juu tulifika kwenye kilima chetu. Mbele ya ghala palikuwa na turubai na viti vya kanisa, vimepangwa mstari. Wenzangu, waliotumaini Machaba atafika wakati wowote, walikuwa kwenye mibuni ya kando ya njia, vikapu mikononi, wanachuma kahawa yote iliyoanza kuiva ili mgeni asikute kazi nusu.

"Acheni!" nilipiga kelele kabla gari halijasimama.

Mikono ikasimama hewani. Niliona nyuso zikianguka, wale wa saruji na wale wa watalii, wote kwa pamoja, maana walidhani Busawe tumekataliwa.

"Wanakuja," nilisema. "Ndiyo maana nasema acheni."

Viti tulivirudisha kanisani jioni ile ile, tukaenda kuazima vikapu.