Usingizi wa Mzee Yoeli

Nakumbuka zile Jumapili jioni, tumebanana sebuleni kwa Bi. Mwanaidi pale Vingunguti, tunasubiri kile kichekesho cha kanisani kianze kwenye runinga. Mwanangu, wewe leo runinga unaitia mfukoni. Sie wapangaji na majirani wote tulitegemea ya Bi. Mwanaidi, mama mwenye nyumba wangu, Mzaramo na Mwislamu wa swala tano, na hakuna aliyekipenda kipindi kile kumzidi yeye. Akishaswali magharibi tu, jamvi linatandikwa.

Lilikuwa igizo la kanisa dogo lenye paa linalovuja, mchungaji anayemwogopa mkewe, na kwaya ya wanawake watatu ambao kila mmoja anaimba wimbo wake. Ila aliyetuvunja mbavu ni mzee wa kanisa. Mahubiri yakianza naye anasinzia, na akishtuka anasema "Amina" kwa sauti kubwa, kila mara mahali pasipofaa. Mchungaji akitangaza kuwa kengele imeibwa, yeye "Amina". Hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu, wajukuu wanadhani bibi kaanza kuchanganyikiwa.

Sasa, kanisani kwetu kulikuwa na Mzee Yoeli, mtu wa Dodoma, fundi viatu, mpole hata kuku hamfukuzi. Naye mwaka ule alianza kusinzia ibadani. Mie nilikuwa msichana wa kwaya, nina sauti na nina mdomo. Siku moja baada ya mazoezi nikakaa kwenye kiti chake, nikaangusha kidevu kifuani, nikakoroma kidogo, kisha nikashtuka: "Amina." Wenzangu wakagaragara. Tangu hapo vijana wote wakamwita Mzee Amina. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walisema, lakini nani huwasikiliza wahenga wakati anashangiliwa?

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yake kusoma neno. Akapanda mbele, akavaa miwani, akafungua kinywa, na mtu wa nyuma akamtangulia: "Amina." Ni kwa ile sauti niliyowafundisha mie. Mabenchi ya vijana yakacheka. Mzee alitutazama kidogo, akaifunga Biblia taratibu, akashuka, akapita katikati yetu mpaka nje. Jumapili mbili zikapita hajaonekana.

Nilimsimulia Bi. Mwanaidi nikidhani atacheka. Aliinuka akazima runinga na kipindi hakijaisha, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Yule wa kwenye runinga akimaliza kusinzia anavua nguo za maigizo, anakwenda zake," akaniambia. "Huyo mzee wenu akimaliza kusinzia anarudi kumgeuza mkewe kitandani. Ulikuwa unalijua hilo?"

Sikulijua. Mke wa Mzee Yoeli alikuwa amepooza upande mmoja, mwaka wa pili ule, na mumewe alikuwa akiamka kumgeuza kila usiku, mara nne, mara tano, asije akatoka vidonda. Bi. Mwanaidi alikuwa akimpelekea uji. Mwislamu anamjua mgonjwa wa kanisa letu, na mie ninayeimba habari za upendo kila Jumapili simjui. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Kesho nenda kamwombe radhi," akasema. "Usitume mtu."

Nilimkuta uani anafua mashuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri kama siku zote, akanitafutia kigoda. Nilipoanza kuomba msamaha sauti iliniishia, ile sauti yangu ya kujivunia, nikabaki nalia tu. Akasema, "Ni kweli nalala, binti yangu. Ila sikujua kama nachekesha."

Mkewe alikuwa ametusikia kutoka ndani. Akaniita, akaniuliza nililia nini, nikamweleza yote nikitazama sakafu. Kisha akasema, "Hebu mwigize nimwone. Siku nyingi sijamwona mume wangu akiwa kanisani."

Nikamgeukia mzee aliyesimama mlangoni. Akajifuta povu mikononi, akasema, "Mwoneshe."

Mwanangu, nimeimba mbele ya watu wengi, sijapewa jukwaa gumu kama lile. Nikaangusha kidevu, nikakoroma, nikashtuka na ile Amina yangu. Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yakamtoka. "Ndiye huyo," akasema. "Hata siku ya harusi yetu alisinzia." Mzee naye akacheka, akakaa kwenye mkeka, na tukiwa katika maongezi usingizi ukamchukua. Mama akaweka kidole mdomoni, tukaendelea kwa kunong'ona mpaka alipoamka mwenyewe.

Niliwaeleza wanakwaya. Wasichana na akina mama tukapangiana zamu za kushinda na kulala kwa mgonjwa, mzee akaanza kupumzika, akarudi kanisani. Mwaka haukuisha, mama akafariki. Mzee Yoeli alisoma neno mwenyewe mazishini, na lile benchi letu lililomcheka ndilo lililobeba jeneza.

Nakwambia haya kwa sababu juzi nilikuona na simu, unawatumia wenzio video ya yule mama aliyesahau maneno ya wimbo mbele ya waumini. Sikukataza siku ile. Mie nani wa kukataza kicheko? Cheka, mwanangu, nyumba isiyo na kicheko ni kaburi. Lakini mwigizaji amekuita umcheke, na jirani yako hajakuita. Kabla hujamfanya mtu kichekesho, fika kwake kwanza, ujue ameamkia wapi. Na ukishamuumiza, nenda kwa miguu yako ukamwambie usoni, kwa maana heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hata aliyejikwaa ulimi anaweza kuinuka akienda mapema.

Mungu akujaalie mdomo wa kuchangamsha watu na macho ya kuwaona. Siku ukichoka ukasinzia mbele za watu, akupe wa kukufunika shuka. Nenda na heri, mwanangu.