Marehemu Aliyekuwa Kwenye Foleni ya Simu

Kwa miaka kumi na moja Nzioka alikuwa kaburini nyuma ya nyumba yake Matiliku, na huku kwa ofisi ya simu mjini alikuwa na afya njema kabisa.

Wacheni nieleze kabla hamjaniita mwongo.

Enzi hizo simu haikuwa kitu cha kununua dukani. Serikali ilikuwa na shirika moja tu, na sheria haikumruhusu mwingine yeyote akuvutie waya. Unajaza fomu, unapewa namba ya foleni, unaenda nyumbani kungoja. Ukingoja miaka mitano tu, watu wanasema una bahati.

Nzioka alijaza fomu 1979. Alikuwa na duka la sukari na mafuta ya taa pale sokoni, na binti mmoja, Mumbua, karani wa kampuni ya magunia huko Kitale. Mumbua alikuwa na simu mezani kwake. Mzee alitaka jambo moja tu: asikie sauti ya mtoto wake bila kungoja Krismasi.

Machi 1982 alitoka mjini akicheka peke yake.

"Mama Mumbua, wamebaki tisa mbele yetu!"

Siku mbili baadaye presha ikampanda. Akaenda hivyo.

Sasa sikieni hapa. Nyuma ya ile fomu kulikuwa na masharti, na mke wake, Kalunde, aliyasoma mwili ukiwa bado mochari. Mwombaji akifa, ombi linafutwa. Mjane aanze upya, mkiani.

Na siku hizo mtu akifa, jina lake linasomwa redioni. Ndivyo watu wa mbali walivyokuwa wakijua.

"Hakuna kupeleka redio," Kalunde akawaambia mashemeji.

"Aje sasa? Na Mumbua atajuaje?"

"Nitamwandikia barua."

Hakuwapa sababu. Telegramu ilipitia ofisi ile ile ya simu, na kibanda cha simu pia. Barua angalau hufungwa.

Alidhani itachukua siku nne. Ilichukua kumi na tisa.

Mumbua alifika akakuta udongo umekauka. Aliuliza, na mama yake, ambaye hakuwahi kumdanganya, akamwambia ukweli wote.

"Umemzika baba yangu kimya kimya kwa sababu ya waya?"

"Wamebaki tisa tu, Mumbua. Ni wewe alitaka kusikia."

"Basi usinitafute. Siku hiyo simu yenu ikija, utanipigia nayo."

Akabeba mkoba, akaenda. Alikuwa na kichwa ngumu huyo msichana, na roho ngumu zaidi. Nasema hivyo bila kumwogopa mtu.

Kuanzia hapo simu haikuwa simu tena. Kalunde aliona ndiyo njia pekee ya kumrudisha mtoto.

Kila Januari alivaa kitambaa kizuri akapanda mjini kuhakikisha ombi. Kwenye kaunta alikuwa Bwana Kisilu, mtu wa miwani, mpole, haongei sana.

"Bwana hajambo?"

"Hajambo."

"Bado anahitaji laini?"

"Bado."

Kisilu anaandika, anapiga muhuri, hainui macho.

Na wale tisa? Ai! Tisa wakawa kumi na wanne. Kuna chifu mpya, kuna ofisi ya D.O. wa tarafa, kuna mheshimiwa ambaye tayari alikuwa na simu tatu. Hao wote waliingizwa mbele na hakuna mtu wa kuuliza. Ungemwuliza nani, na duka la simu ni moja nchi nzima?

Aliacha ushirika wa kina mama kanisani, maana huko walikuwa wakimwombea kwa sauti kama mjane, na mmoja wao dada yake alifagia ofisi ya simu. Walipomtembelea alisema anaumwa. Mwishowe hawakumtembelea. Alikula jioni peke yake, redio ikisoma vifo vya watu wengine. Alikuwa mpweke mpaka alianza kuchelewesha wateja dukani kwa makusudi, anatafuta chenji ambayo iko mkononi, ili mtu asimame dakika moja zaidi.

Mwaka wa themanini na saba alishindwa kuvumilia. Akapiga Kitale kutoka kibandani.

"Mumbua?"

"Hiyo ni simu yenu?"

"Ni ya kibanda, lakini..."

Ikakatwa.

Aprili 1993, mafundi wakaja na nguzo. Kufikia saa nane mchana simu ilikuwa juu ya meza ya duka. Kalunde aliiangalia tu. Kisha ikalia yenyewe.

"Hallo. Kisilu hapa, wa ofisi ya simu. Naomba kuongea na Bwana Nzioka."

Angesema ametoka. Ulimi ulikuwa umezoea. Lakini alikuwa amechoka, jamani, amechoka mpaka kwenye mifupa.

"Alikufa, Bwana Kisilu. Alikufa themanini na mbili."

"Pole, mama. Najua."

"Unajua?"

"Nilijua wiki ile ile. Dereva wetu ni wa hapo Matiliku. Nimepiga ili uniambie mwenyewe, nibadilishe jina liwe lako. Sasa laini imeshafungwa, hakuna wa kuing'oa."

"Na ningetangaza redioni?"

"Ungetangaza tu, mama. Mimi sheria inanitaka nifute nikiletewa cheti cha kifo, au mjane akiniambia kwa kaunta. Redio si cheti."

Kalunde akaketi juu ya gunia la sukari. Alilia kwa sauti, mteja aliyekuwa mlangoni akarudi alikotoka.

Halafu akaomba opereta amuunganishe na Kitale.

"Hallo, nani?"

"Ni mimi. Hii ni simu yetu." Akapumua. "Mumbua, nimekupigia nikwambie baba yako amekufa. Njoo nyumbani, tunakungoja tuzike."

Najua maneno hayo neno kwa neno kwa sababu mkono uliokuwa umeshika simu kule Kitale ni huu ninaoandikia. Mumbua ni mimi.

Nilifika Matiliku kesho yake. Nilikuta mwanamke mzee. Nilikuwa nimeacha mama asiye na mvi hata moja.

Sasa laini unauziwa kando ya barabara, kampuni zinakubembeleza. Kama kuna mtu ulimwambia asikutafute na akakutii, usimngoje. Piga wewe, leo. Mwaitu, mama yangu, alikuwa anangoja vibali viwili, cha serikali na changu. Cha serikali ndicho kilikuja kwanza.