Tanuru la Ilembo

Verdiana alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, na kwenye ule mradi wa nyumba mia nne pale Ilembo hakuna aliyemtaka. Kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya katapila na kulisimamisha kila udongo ulipotoa kitu cha zamani. Vibarua walimwita Mama Vigae, na akija kula nao waliinuka wakamwachia benchi.

Juma la tatu alikuta tanuru la kuyeyushia chuma, mabomba ya udongo ya mivukuto yakiwa bado mahali pake. Akalizungushia kamba. Kesho yake asubuhi alikuta kamba zimekatwa, nusu ya tanuru imesagwa, na alama za minyororo ya katapila zimepita juu yake.

"Nani amefanya hivi?"

"Mvua," alijibu msimamizi, Nestori, na vibarua wakaangua kicheko. Ilikuwa Julai, vumbi tupu.

Verdiana hakulia mbele yao. Alishuka shimoni akaketi juu ya nusu iliyobaki. Nestori akamwamuru Didace, dereva wa katapila, aendelee. Mkono wa chuma ukashuka mpaka kivuli chake kikamfunika.

"Mama, toka!" Didace alipaza sauti. "Nyie wasomi mnatutafutia balaa!"

"Nifukie. Maofisa wa mambo ya kale nimeshawapigia, wako njiani."

Didace akazima injini, akatema mate.

Maofisa walifika saa sita, wakaamuru nyumba mbili zilizopangwa kujengwa hapo zihamishiwe kwingine. Verdiana aliipima na kuichora ile nusu peke yake. Alikaa Ilembo miezi mitano zaidi, na mpaka anaondoka hakuna aliyeitikia salamu yake.