Shashi za Mina Roerdink

Kijijini kwa akina Wesselink, mashariki mwa Uholanzi karibu na mpaka wa Ujerumani, nyumba iliyo karibu zaidi na yako ndiyo ya jirani wa kwanza, na jirani wa kwanza ana wajibu wake. Ukijifungua, yeye hutangaza. Ukifa, yeye hukuosha, hukuvika, kisha hupita mlango kwa mlango kutoa habari. Alichokiona wakati wa kuosha hakisemi popote. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na kwa vizazi vitano hakuna Wesselink aliyeivunja.

Mina Roerdink alipofariki mwezi wa Oktoba, wajibu ulikuwa wa akina Wesselink, jirani zake wa kwanza. Aleida Wesselink, mjane na mwalimu wa Kilatini, alichukua beseni na taulo akamwita binti yake Jorien, msichana wa miaka kumi na saba aliyekuwa mwaka wa mwisho wa shule.

"Mikono yako itatetemeka," Aleida alimwambia njiani. "Iache itetemeke. Ulimi ndio uutulize."

Daktari wa zamu, mgeni asiyemjua Mina, alikuwa ameshaandika kwamba aliyemuua ni moyo. Lakini chini ya gauni la kulalia walikuta bandeji iliyofungwa kwa ustadi, na chini ya bandeji kidonda cha titi la kushoto, kikubwa, cha siku nyingi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aleida alikisafisha, akakifunga upya kwa kitambaa cheupe, akamvika marehemu blauzi yake ya kanisani hadi kifungo cha juu kabisa.

Jorien hakukitazama kidonda kwa muda mrefu. Alitazama shashi, vile vitambaa vyepesi vya kufunikia kidonda, zilizolala kwenye beseni. Alizijua. Kila Jumamosi, kwa miezi kumi na sita, alikuwa akimletea Mina mahitaji kwa baiskeli: mkate mweusi, maziwa ya mtindi, na kutoka duka la dawa paketi mbili za shashi. Mina alisema ni za mguu wa mumewe, Bernard. Jorien alikuwa akimwona huyo Bernard juu ya ngazi, akizoa majani kwenye mfereji wa paa, na miguu yake yote miwili mizima. Hakuuliza kitu.

Tangu siku hiyo alitaka udaktari, na hakuwa na namna ya kusema kwa nini.

Chuo cha udaktari kilitaka kuambiwa. Nafasi zilikuwa mia tatu na waombaji zaidi ya elfu moja. Alama zake zilikuwa nzuri, kama za wengine wengi, kwa hiyo uzito ulikuwa kwenye barua: eleza tukio moja lililokufanya uchague kazi hii. Mwezi wa Januari Jorien aliandika yote, akampa mama yake asome.

"Umeandika vizuri," Aleida alisema. "Haiendi."

"Sijaweka jina, Mama."

"Umeweka jirani, umeweka Oktoba, umeweka titi. Daktari wetu hapa kijijini anafundisha huko kila Jumatano. Unadhani atahitaji jina?"

"Basi niandike nini? Kwamba napenda kusaidia watu?"

"Wenzako wote wataandika hivyo."

"Ndiyo maana nitakataliwa pamoja nao."

"Utakataliwa, utaomba tena mwakani. Mina hakujivua nguo mwenyewe, mwanangu. Sisi ndio tuliomvua."

Jorien akaandika barua nyingine, kuhusu mapenzi yake kwa somo la biolojia. Ilikuwa barua isiyo na kosa, na yeyote angeweza kuiandika. Zilipobaki siku tatu za kutuma barua, alivuka kiwanja bila kumuaga mama yake, akaenda kumwomba Bernard ruhusa.

Bernard alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Una shida," alisema kabla hajasalimiwa. "Mtu akivua viatu mlangoni kwangu bila kuambiwa, huyo ana shida."

"Ni barua ya chuo, jirani. Nilitaka kuandika kuhusu zile shashi nilizokuwa namnunulia Mina."

"Shashi zipi?"

 Muda wote huo Jorien alidhani mume alijua.

"Za mguu wako," akasema.

Bernard aliitazama miguu yake ndani ya soksi za sufu, mmoja kisha wa pili. "Mguu wangu hauna kitu," alisema. Kisu kilisimama juu ya kiazi. Hakuuliza shashi zilikwenda wapi, na Jorien hakumwambia. "Kulikuwa na harufu chumbani kwake. Tangu kiangazi cha mwaka juzi. Alisema ni bomba la maji machafu, nikalizibua. Mara mbili nimelizibua."

"Hata mimi sikuuliza."

"Hapana. Humu hakuna aliyeuliza." Akaendelea kumenya. "Ya Mina mwachie Mina. Ya kwako ni yako. Andika."

Nyumbani Jorien alieleza alichofanya.  Siri ya kuosha ilikuwa imetoka mkononi mwa Wesselink, ikaanguka palepale ambapo marehemu hakutaka ifike, kwa mumewe. Aleida hakumkemea mtoto. Alisema tu kwamba kesho ataenda kwa Bernard mwenyewe, kuomba radhi kwa niaba ya nyumba, na alikwenda.

Barua ya tatu ilikuwa fupi. Haikuwa na jirani, wala mwezi, wala ugonjwa. Ilisema kwamba mwandishi alimnunulia mtu bandeji kwa miezi kumi na sita. Kwamba alipewa sababu ambayo macho yake yaliikana, akaikubali kwa kuwa aliona haya kuuliza. Na kwamba anataka kazi ambayo kuuliza ni sehemu yake.

Aleida aliisoma mara mbili, kalamu mkononi.

"Anayeaibika humu ni nani?"

"Mimi, Mama."

"Umebeba jina la ukoo. Ni sisi sote." Akafuta neno "pengine" mahali lilipokuwa limejificha, akairudisha. "Hii aibu ni ya kwetu. Ya kwetu tuna haki ya kuitoa nje. Itume."

Aprili Jorien alipangwa wa mia moja themanini na nane kati ya waombaji, akaingia. Sasa yuko mwaka wa tatu. Akija likizo huvuka kiwanja, huketi mbele ya Bernard na kumhoji.

"Usiku unaamka mara ngapi kukojoa?"

"Mtoto huyu! Mtoza kodi ana adabu kuliko wewe."

"Mara ngapi, jirani?"

"Mbili."

Jorien hungoja, bila kuondoa macho usoni pake.

"Nne," husema Bernard. "Haya, nne."